Upepo wa Baba Mkwe

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali moja mjini Kisii, na mke mpya vilevile. Kazi hizo mbili hazikugombana hadi baba mkwe alipoletwa wadini kwangu kutoka Nyansiongo, tumbo limevimba kama ngoma.

Mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, akaondolewa sehemu ya mfuko wa chakula. Wageni wakamletea machungwa ya kumpa nguvu, naye, mzee asiye na magego, akawa anayameza na nyama zake zote. Mfuko uliobaki haukuweza kuyasaga. Nyuzi zilishikana zikawa donge, donge likaziba utumbo. Daktari alimpasua tena akalitoa, akasema kisa kama hicho alikuwa hajakiona, kisha akatuagiza: mzee asile kitu mpaka atoe upepo kwa nyuma, ishara kwamba utumbo umeanza kazi.

Sasa nani amuulize? Kwetu Gusii mokamwana, yaani mke wa mwana, hampi baba mkwe hata mkono, sembuse kumuuliza habari za makalio. Nilimwomba sista msimamizi wa wadi, mtu wa Pwani, anipe mgonjwa mwingine.

"Hapa hakuna wakwe," alisema. "Kuna wagonjwa."

Siku ya tatu nikasimama na kadi yake, macho dirishani, nikamwita baba kwa Kigusii. "Tata, umetoa upepo?"

Alijifunika blanketi hadi utosini. "Ndiyo," akasema humo humo ndani. Nikaandika ndiyo, nikakimbia.

Uji ukaletwa. Nilipomwona anainua kikombe, na tumbo bado limejaa, nikajua alidanganya ili niondoke. Na mimi nilitaka kudanganywa. Nikampokonya kikombe mbele ya wadi nzima, nikaenda kumwambia daktari kwamba mzee amesema uongo. Niliogopa mno. Uji ule ungeweza kumuua, na kwa kumwokoa huenda nilikuwa nimeivunja ndoa yangu. Mzee akageukia ukuta, hakusema nami siku mbili.

Jumapili wazee wa kanisa lake walikuja kumwombea. Mimi nilikuwa natandika kitanda cha jirani. Katikati ya sala ikasikika sauti ndefu, isiyo na haraka, kutoka kwa baba mkwe. Sala ikakatika. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Mzee alifunua uso, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Mokamwana," akaita, "andika."