Senti Kumi Isiyo na Tundu

Enzi zetu nguo za watoto hazikuwa na mifuko. Hela tulizitunga kwenye kamba, maana senti kumi ilikuwa na tundu katikati kama ilivyo hadi leo, tukazivaa shingoni kwa maringo. Watoto wa siku hizi wana mifuko yenye vifungo na bado wanadondosha chenji njiani! Tena hawajui hata kuchungulia. Sisi ulikuwa unafumba jicho moja, unakitazama kijiji chetu cha Ntalikwa chote kupitia tundu la senti: ng'ombe, moshi wa jikoni, mama anaanika michembe ya viazi juu ya jabali. Vyote vidogo, vizuri, vyako.

Ile nyingine baba aliipata mjini Tabora alipouza asali. Haikuwa na tundu. Alipoitoa dukani, mwenye duka alimrudishia palepale: "Bandia hiyo, mzee, kawape kuku." Baba akaja nayo nyumbani anacheka. Akatuonyesha mimi, Kabula, na mdogo wangu Masanja jinsi duara la kuzunguka tundu lilivyokuwepo, limeinuka kama ukingo wa kisima, ila ndani yake shaba tupu. "Mwenye kughushi asingesahau tundu," alisema. "Hii ni ya kiwandani kabisa. Mashine ilisinzia."

Tukaiita senti kipofu.

Kisha mvua zikagoma, na baba akajiandikisha manamba, akakate mkonge huko pwani. Asubuhi ya kuondoka alimpa mama ile senti. "Mama Kabula, hii hakuna duka litakaloipokea. Hata njaa ikibana hutaila. Nikirudi nitaikuta."

"Basi na wewe usipokelewe huko na mwanamke," mama akajibu, tukacheka wote. Treni ikamchukua, ikapotelea upande wa Kigwa.

Mkataba ulipokwisha wenzake walirudi na mablanketi mapya. Baba hakuwemo. Walisema alihama kambi, basi, zaidi ya hapo hawajui. Mama aliifunga senti kwenye kitambaa, akaining'iniza juu ya kitanda, na kila akipita aliigusa.

Shangazi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Baba alikuwa kaka yake wa pekee. "Wifi, unamfumba kaka yangu macho," alisema. "Hela haina jicho, yeye ataionaje njia?" Mama hakuwa na nguvu za kubishana. Shangazi akaitia senti kwenye pindo la khanga, akanishika mkono, tukaenda mjini kwa mzee mmoja fundi wa vikuku na sufuria.

"Shikamoo, fundi. Nifungulie jicho hili."

"Marahaba. Lakini mama, mbona iko vizuri hivi? Tangu nizaliwe sijaona kama hii."

"Wewe toboa tu, baba. Kuna mtu anasubiri."

Akatoboa. Tundu lilitoka pembeni kidogo, na kingo zake zilikwaruza kidole. Shangazi aliliweka jichoni, akatazama upande wa stesheni muda mrefu, mpaka fundi akaona haya akainamia kazi yake. Njia nzima ya kurudi aliimba.

Sasa ilikuwa na tundu kama wenzake, na mama akaitunga pamoja nao. Kisha Masanja akashikwa na homa. Mama alikimbia dukani, akafungua kamba, akamwaga zote mezani, akarudi na dawa na chumvi. Masanja alipolala ndipo alipoishika ile kamba tupu. Akakaa kizingitini.

"Wameipokea," alisema.

Babu alikwenda pwani kwa miguu na pembe ya ndovu begani, njia ile ya zamani ya misafara, akarudi na hadithi tele. Baba alikwenda kwa treni, amekaa. Hajarudi. Shangazi bado huuliza kila treni inapoingia, naye mama humkaribisha chakula bila kumlaumu hata siku moja.

Vijana wa leo hupokea chenji bila kuitazama, wakaenda zao kwenye dansi. Mimi wananicheka, maana kila senti kumi naipapasa kwanza kwa kidole, nikitafuta tundu lililokaa pembeni, lenye kukwaruza. Iko mahali fulani, kwa mama fulani wa Nzega pengine, kwenye kamba. Nami ni mtu wa kuota ndoto, najijua. Nikiipata nitaipeleka kwa fundi, nimwambie aizibe.