Kopo la Bosi

Juzi niliingia duka la pembejeo pale Bariadi mjini kununua mbegu za mahindi, na kabla sijasalimia, harufu ya dawa ya pamba ikanipiga puani. Mnaoijua mnaijua. Ni kama kitunguu saumu kilichooza, kikamwagiwa mafuta ya taa. Muuzaji alikuwa anakula chapati zake hapo hapo, haisikii tena. Mimi nilisimama nimeshika mlango, nikajiona nina miaka tisa, niko uani kwetu karibu na Dutwa, kichwa cha mbwa kiko mapajani mwangu.

Ngoja niwasimulie mimi mwenyewe, maana ndugu zangu kisa hiki hukisimulia vibaya. Wao huanza kwa kumcheka mbwa. Mimi naanza na mama.

Baba alikuwa kazini Mwanza, anakuja mwisho wa mwezi akibahatika. Nyumbani tulibaki mama na mimi, mbuzi kumi na kitu, na Bosi. Bosi alikuwa mbwa wa kienyeji, mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limelala muda wote, utadhani amechoka upande mmoja. Fisi walizoea kubeba mbuzi wa majirani, lakini kwetu walipita mbali. Mama alisema wazi kwamba baba asipokuwepo, yule ndiye mwanamume wa mji, na ndiyo maana jina lake likawa hilo.

Mama alikuwa na sheria tatu za mbwa, na zote zilitokana na uchungu, kwa sababu mbwa aliyemtangulia Bosi alikufa kwa mfupa wa kuku uliomkwama kooni. Kwa hiyo mbwa hatupiwi mfupa wa kuku. Lango la ua wetu wa minyaa hufungwa kila unapopita, kwa ajili ya mabasi ya barabarani. Na kopo la Bosi, lile dumu la mafuta ya kula lililokatwa katikati, haliguswi kwa kazi nyingine yoyote. Ndugu waliokuja kututembelea walizicheka sheria hizo mpaka machozi. Shangazi yangu alikuwa akibisha hodi halafu anauliza, "Na mimi nipimwe kwanza kabla sijamsogelea mheshimiwa mbwa?" Mama alitabasamu tu, kisha akaenda kulifunga lango ambalo shangazi ameliacha wazi.

Msimu huo babu, mzaa baba, alikuja kutoka Lalago na baiskeli yake kutusaidia kupulizia pamba. Babu alikuwa mchapakazi, na mimi alinipenda sana. Lakini sheria za mama zilimwingilia sikio hili zikatokea lile. Siku ya kwanza aliacha lango wazi, Bosi akatoka mpaka barabarani. Siku ya pili alimrushia shingo ya kuku mbele ya macho yangu, nikamnyang'anya mbwa mdomoni nusura aning'ate. "Mbwa ni mbwa, mjukuu wangu," babu akasema akicheka. "Huko Lalago wanakula mpaka viatu, na wanazeeka."

Mama asingeweza kumkemea, na hapa wasiotoka kwetu wanielewe. Usukumani mke ana adabu yake mbele ya baba mkwe. Hampi mkono, hali naye, hakalii kiti alichokikalia yeye, na akiwa na neno humtuma mtoto. Hata wakiwa hatua tano, yeye jikoni na mzee uani, neno lazima lipite mdomoni mwa mtoto. "Minza, mwambie babu yako maji ya kuoga tayari." Babu amesikia kila kitu, lakini anasubiri mpaka mimi nifike na kurudia, "Babu, maji ya kuoga tayari," ndipo anainuka. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mama, na kazi hiyo nilijivunia kweli kweli. Nilikuwa natembea kifua mbele kama mwenyekiti wa kijiji.

Jioni ya siku ya pili, babu alikuwa ameshaanza kutayarisha bomba la kupulizia na chupa ya dawa. Mama akaniita jikoni. Alisema taratibu, na nakumbuka neno kwa neno, "Mwambie babu yako dawa asichanganyie kwenye kopo la Bosi. Ndoo ya kuchanganyia iko nyuma ya ghala. Mwambie na mifupa, na lango. Usipunguze."

Nikaenda. Babu alikuwa amekaa anamenya karanga, akanijazia viganja vyote viwili. "Mama anasemaje?" akauliza. Nikamtazama yule mzee, nikazitazama zile karanga. Nani aanze kumfundisha babu yake? Nikamwambia, "Mama anasema ugali uko karibu kuiva." Basi. Nikakaa pembeni yake nikala karanga zangu, na zilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Asubuhi mama alikwenda kisimani mapema. Babu naye aliamka, akatafuta chombo cha kupimia dawa, akaliona dumu lililokatwa, la kadiri ile ile aliyoitaka. Kwake lilikuwa takataka tu. Alichanganya dawa, akajaza bomba, akalisuuza dumu juu juu na kulirudisha mahali pake, maji kidogo yakiwa bado ndani. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikwenda shambani akiimba.

Nilimkuta Bosi nyuma ya nyumba. Mate yalimtoka kama povu la sabuni, miguu inatetemeka, macho hayanioni. Pembeni lilikuwepo lile kopo, na ile harufu. Nilipiga yowe mpaka babu akarudi mbio kutoka shambani, na mama akatua ndoo langoni, maji yote yakamwagika.

Babu alimtazama mbwa, akalitazama kopo. Halafu akanigeukia mimi, si kwa ukali, kwa mshangao tu. "Minza, kwani jana mama yako alikutuma kuniambia lolote kuhusu hili kopo?"

Jamani, sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile.

"Sikumtuma, baba." Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama mbele ya babu uso kwa uso, khanga imelowa. "Kosa ni langu. Naomba baiskeli yako."

Mama hakungoja jibu. Alijifunga khanga vizuri, akaiokota chupa ya dawa akaipachika kiunoni, akakalia tandiko la baiskeli ya baba mkwe wake, jambo ambalo mke wa kwetu hafanyi hata kwa kuota. "Panda nyuma," akaniambia. "Mshike kichwa, kisining'inie." Babu mwenyewe ndiye aliyemnyanyua Bosi na kumweka mapajani mwangu.

Ile njia ya kwenda Dutwa sitaisahau. Mama alikanyaga pedali, jasho linamtiririka mgongoni, mimi nimemkumbatia mbwa na nguo yangu imejaa mate. Tulipofika sokoni watu wakaacha biashara. Mmoja akapaza sauti kumwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mgonjwa ana kadi ya kliniki?" Kicheko kikalipuka soko zima. Mama hakugeuka. Aliinua kichwa juu zaidi, akapiga kengele ya baiskeli, wakatupisha. Mimi nyuma nilikuwa nalia, lakini niwaambie ukweli, katikati ya kilio kile nilikuwa nawaza, mwanamke huyu ni mama yangu, mwoneni vizuri.

Bwana mifugo tulimkuta. Alipotaka kuuliza mbwa amekunywa nini, mama alikuwa ameshamwekea chupa mezani. Alisoma maandishi, akachoma sindano, baada ya muda akachoma nyingine. Tulikaa chini sakafuni mpaka mchana. Mwisho Bosi akatulia, akalamba kidole cha mama. Bwana mifugo akasema wengi huletwa wakiwa wamechelewa, tena bila chupa, naye hubaki kubahatisha. Akampa mama mkono.

Tuliporudi lango lilikuwa limefungwa. Babu alikuwa amelifukia lile kopo, na alikuwa anakata dumu jipya kwa kisu, analainisha kingo zisimkate mbwa mdomo. Aliniita karibu, ingawa mama alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. "Minza, mwambie mama yako baiskeli ni yake mpaka mbwa apone. Mwambie na sheria zake nimezisikia."

Nikageuka nikasema yote, neno kwa neno, kwa sauti kubwa. Sikupunguza kitu. Mama akaitikia kwa kuniambia mimi, "Mwambie wabeja." Na babu akashukuriwa hivyo, kupitia kwangu, kama kawaida.

Nilielewa baadaye sana, nilipoolewa na kupata baba mkwe wangu mwenyewe. Nilipolazimika siku moja kumwambia neno moja gumu, nilijaribu wiki nzima bila kufaulu. Ndipo nikamkumbuka mama. Miaka kumi na moja ya ndoa alikuwa hajawahi kumsemesha babu ana kwa ana, na siku alipofungua mdomo, maneno yake ya kwanza kabisa yalikuwa ya kunificha mimi. Baiskeli aliiomba baadaye.

Mwaka jana nilijipa moyo nikamuuliza kama alijua. Alikuwa anachambua mchicha, hata hakuinua macho.

"Mayu," akaniambia, kwa jina hilo hilo la mama ambalo hunibembelezea, "ukuta wa jiko lile ulikuwa na matundu. Nilikusikia ukimwambia habari za ugali. Nikasema ana miaka tisa, amechoka kunisemea, nitamtuma tena asubuhi. Babu yako akaamka mapema." Akatupa jani bovu. "Kwa hiyo niliposema kosa ni langu, sikudanganya. Lile neno lilikuwa langu, nilipaswa kulisema mwenyewe."

Huyo ndiye mama yangu, wenzangu. Sasa wacheni wanaomcheka mbwa wacheke.