Picha ya Sikio la Mwenye Nyumba

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne asubuhi kwa simu, na aliyenipigia hakulijua hata jina la marehemu. Alisema tu kwamba yule mzee wangu, yule bubu wa picha wa Kariakoo, amefariki. Nilimjibu innalillahi, halafu nikamwambia kwamba hakuwa bubu. Alikuwa kiziwi. Bubu hasemi, kiziwi hasikii, na bwana yule alisema, tena ukimchokoza alisema mengi. Masikio yalimziba baada ya homa kali akiwa mtoto wa chuo cha Kurani, na wakati huo alikuwa ameshakijua Kiswahili chote pamoja na matusi yake. Sauti ilimbakia, ila ilipanda pasipotakiwa kupanda na kushuka pasipotakiwa kushuka, na watu walipoicheka akaiweka akiba kwa ajili ya mambo ya maana. Mazikoni nako nikayasikia mengine. Mmoja alimsifu kwamba alifanya kazi nzuri licha ya kilema chake, mwingine akasema marehemu alikuwa mpole, hana neno na mtu. Mpole! Lahaula. Nimekaa na maneno hayo siku mbili yananiwasha, na leo nayatolea uvivu, kwa sababu mtu niliyemjua mimi hakuwa yule waliyekuwa wakimzika.

Nilimfahamu miaka ya hamsini, tulipopanga nyumba moja pale Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Mimi nilikuwa kijana nasahihisha maandishi kwenye kiwanda cha chapa, nimepanga chumba cha uani karibu na choo. Yeye alikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara, ndani amekigawa kwa pazia zito apate mahali pa giza pa kusafishia picha. Dada yake mkubwa alikaa barazani kupokea wateja, na wawili hao walizungumza kwa mikono, lugha waliyoitunga wenyewe utotoni. Studio nyingine za mtaani zilikuwa na koti na tai za kuazima, saa isiyotembea, maua ya karatasi na baiskeli ya kuegemea. Yeye alikuwa na kigoda na kitambaa cheusi alichokitundika uani, basi. Wapiga picha wengine walipiga kelele “Tayari!” na mteja akakakamaa kama anayesubiri kudungwa sindano. Yeye hakusema tayari wala hakuinua kidole. Alisimama nyuma ya kamera yake akikutazama, akikutazama, mpaka ukachoka kujifanya, na hapo ndipo alipobonyeza. Karani mmoja wa bandarini aliirudisha picha yake akilalamika kwamba mtu yule mwenye uso wa kununa si yeye. Mkewe akaichukua, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema ni yeye hasa, ndivyo anavyokuwa chakula kikichelewa. Waliondoka nayo.

Watu walidhani anaona nyuso vizuri kwa sababu Mungu akimnyima mtu hiki humpa kile. Nilipomfikishia maneno hayo alisonya. Aliziona nyuso kwa sababu zilikuwa ndizo masikio yake. Ukimkabili na kusema kama unavyosema siku zote, bila kupayuka wala kutanua mdomo, alikusoma midomo na mkaongea mpaka chai ikapoa. Lakini tunayo desturi moja, mimi na wewe msomaji, ambayo hatujaiacha mpaka leo. Tukimwona kiziwi tunamtafuta kwa macho mtu aliye naye. Tunamgeukia dada, mke, hata mpita njia, tunasema, “Mwambie.” Mwambie anipige nimesimama. Mwambie nitakuja kesho. Neno hilo alilichukia kuliko neno bubu. Alilitambua kutoka ng'ambo ya barabara, kwa jinsi midomo inavyofumba mara mbili na uso wa msemaji unavyomkimbia. Siku moja aliniambia kwa ile sauti yake kwamba ugonjwa ulimzibia masikio tu, lakini mtu akiugeuzia uso wake pembeni ndipo anapokuwa kiziwi.

Sasa mwenye nyumba wetu, mfanyabiashara mkubwa wa mchele, alinuia kwenda Hija. Safari ya meli ilikuwa ndefu na wengine hawakurudi, kwa hiyo alitaka kuwaachia watoto wake picha ya kutundika sebuleni. Akaja na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, joho, na kilemba kilichofungwa na fundi. Akaketi kigodani. Tangu alipoingia mpaka alipotoka hakumtazama mpiga picha hata mara moja. Alimgeukia dada aliyesimama mlangoni. Mwambie ndugu yako asinitoe na tumbo. Mwambie joho lionekane. Mwambie afanye upesi. Mpiga picha akangoja, kama kawaida yake, mpaka mzee akawa amejisahau kabisa, halafu akabonyeza. Baada ya siku chache akamkabidhi picha kubwa, imetiwa fremu na kioo. Ilikuwa ni sikio. Sikio la kushoto na kisogo, kilemba kimekaa sawasawa, mwanga umeangukia kwenye vinyweleo vya ndani mpaka ungeweza kuvihesabu. Wallahi sijawahi kuona sikio lililopigwa kwa heshima namna ile. Mzee aliiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena, kisha akamwuliza dada huu ni upuuzi gani. Ndugu yake akajibu kwa mikono, na dada akamfasiria: amekupiga ulivyomkalia.

Ebo, palichafuka. Mwenye nyumba alimjia juu mbele ya wapangaji wote, akimfokea dada, na hapo pia hakumgeukia aliyemkosea. Akatoa sharti. Ama ampige picha nyingine na kumwomba msamaha pale barazani, ama mwezi ukiandama atoe vyombo vyake. Majirani tukamwendea mpiga picha kwa makundi. Wazee wakamkumbusha kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Dada yake alilia, kwa sababu wakitolewa pale hapakuwa na mwingine ambaye angempangishia chumba mtu wanayemwita bubu, na bila chumba hana pa kusafishia picha, na bila picha yeye ni nani mjini? Yote hayo alikuwa anayajua. Alipanga chumba kile kwa kuhangaika mwaka mzima. Alimfuta dada yake machozi, akatwambia sisi wengine tulioketi mkekani kwamba picha haina kosa na mwenye kosa hajafika kuomba. Mwezi ulipoandama akakodi mkokoteni, akapakia kigoda, kitambaa na vikorokoro vyake, akaondoka kifua mbele, amevaa suti yake ya krimu kana kwamba anakwenda dansini.

Akaenda kutundika kitambaa chake pembezoni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, akitumia kamera ya sanduku ambayo inasafisha picha humohumo ndani. Mvua ikinyesha hakuna kazi. Jua likiwa kali, picha zinaungua. Wateja walipungua, kisha wakazoea, wakamfuata. Nami nikitoka kazini nilipita kuketi naye, na huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo shule haikunifundisha. Miaka ile mikutano ilikuwa inafurika viwanjani. Watu walisimama juani wakishangilia hadi koo zikauke, kwamba tumechoka kusemewa na wageni, kwamba tuna vinywa vyetu na tutasema wenyewe. Maneno hayo yalinisisimua, na mpaka leo yananisisimua. Kisha mkutano ukaisha, watu walewale wakamiminika kuja kupiga picha, shati limelowa jasho la uhuru, na neno la kwanza walilomtupia yule dada lilikuwa, mwambie. Mpiga picha alinitazama, akacheka kicheko chake kikubwa. Mimi sikucheka. Niliona aibu kwa niaba ya taifa ambalo lilikuwa bado halijazaliwa.

Meli ya mahujaji ilipokaribia, mwenye nyumba alianza kufanya kama wanavyofanya wote waendao Makka, kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa aliowakosea. Mtu haendi kwenye nyumba ya Mungu na shingo nzito. Alasiri moja tukamwona anakuja Mnazi Mmoja, amefuatana na wanawe wawili wakubwa. Watu wakasogea. Alimpita mpiga picha, akasimama mbele ya dada.

“Mwambie ndugu yako aniwie radhi,” akasema. “Naondoka Ijumaa.”

Dada, mwanamke ambaye kwa miaka yote ile sikumsikia akimkatalia mtu, aliweka mikono yake miwili nyuma ya mgongo.

“Shikamoo, mzee. Radhi haitumwi. Mwambie mwenyewe, huyo hapo.”

Mwenye nyumba alitazama kulia, akatazama kushoto. Wanawe walikuwa wanatazama chini. Hapakuwa na mwingine wa kumtuma. Akageuka polepole, akaanza kunong'onea vifungo vya kanzu yake. Mpiga picha akapiga hatua mbele, akaweka vidole viwili chini ya kidevu cha mzee yule, vilevile alivyozoea kufanya kwa wateja, akakiinua mpaka macho yakakutana. Kwa desturi zetu, mkono wa mtu wa kawaida haugusi kidevu cha mzee wa joho. Lakini mzee hakuutoa.

“Niwie radhi,” akasema. “Nilikutoa nyumbani kwangu, na sikukutazama.”

Mpiga picha alikaa akiitazama ile midomo hata baada ya kunyamaza. Kisha akafungua kinywa chake, na ile sauti isiyojua njia ikasikika mpaka barabarani.

“Nimesikia.”

Ni hilo tu alilosema. Mzee alingoja neno jingine, neno la nimekusamehe, na halikuja. Akainamisha kichwa, akaenda zake bandarini Ijumaa ile bila picha. Wako waliomlaumu mpiga picha kwa roho ngumu, na nawajua waliomlaumu hadi uzeeni. Mimi namtetea. Hakuna aliyemwahidi mtu yeyote kwamba akisema atasamehewa. Alichokuwa anadaiwa mwenye nyumba ni kusema na mwenyewe, na siku ile alisema. Basi msiniletee habari za mpole asiye na neno na mtu. Alikuwa na neno, na alilipia kwa chumba chake. Mkitaka kumwenzi, mkikutana kesho na kiziwi dukani au mlangoni mwenu, simameni mbele yake mseme. Msimtafute dada yake.