Gari Lililohamia Jikoni

Gizella hakuwahi kuendesha gari hata siku moja, lakini mafundi wengi wa Győr, mji wa Hungaria, walitengeneza magari kwa maneno yake. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na alipostaafu akawa anatafsiri vitabu vya gereji kwa Kihungari. Shida yake moja: jina la kitu asichokiona halikumkaa kichwani. Kamusi inampa majina matatu, naye anabaki na kalamu mkononi, chai inapoa.

Hapo ndipo mumewe Jenő, fundi wa siku nyingi, alipokuwa akitoka kwenda uani. Analiendea gari lao la Kirusi, rangi ya maziwa, anafungua kitu kinachotafutwa na kukilaza kwenye meza ya jikoni juu ya gazeti. "Haya mama, kishike." Gizella anakishika, anakizungusha, ananusa vidole vyake, na neno linakuja. Leo gasketi, kesho kabureta. Jenő alisema atavirudisha. Nani hajawahi kusema hivyo? Miaka ikapita, vitabu vikatoka, gari likabaki bodi tu, na kuku wa jirani wakawa wanatagia siti ya nyuma.

Kisha Jenő akaugua, mikono ikaanza kutetemeka, hata supu akawa anainywa kwa kikombe. Kiangazi hiki akamwambia jirani yao Dezső kwamba siku ya jina lake yeye Jenő, ambayo kwao husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, ikifika gari halijawaka, aje na trela alichukue kama chuma chakavu. Alisema kwa utani, lakini baadaye alikaa akiangalia uani kama mtu aliyesahau kitu huko. Gizella alimwona. Gari limeliwa na vitabu vyangu, alijisemea, basi nitalitapisha mimi.

Akavaa ovaroli ya mumewe, akakunja mikono. Jenő akaketi kwenye stuli na fimbo ya kuelekezea. Mke anasema neno la kitabuni, mume anamjibu kwa neno la gereji, la Kijerumani nusu, alilorithi kwa waliomfundisha kazi, na ubishi unaanza. Dezső, ameegemea ua, aliwauliza kama wanaunda gari au wanatalikiana.

"Kitabu kinasema kaza kwa nguvu ya wastani," alisema Gizella, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

"Wastani ndio nini? Mjinga gani kaandika hivyo?"

"Mimi, mzee wangu."

Jenő alikohoa kidogo. "Basi kaza wastani."

Siku ya jina ikafika, kila kitu kimerudi ila puli ya feni, kigurudumu cha chuma. Bila hiyo mkanda hauna pa kupita, na injini itachemka kabla ya kufika getini. Walitafuta kabatini, uvunguni, hata kwenye kapu la nguo chafu. Dezső akaja na trela, na chupa ya pombe ya plamu vilevile, maana sikukuu ni sikukuu. Hakuna aliyetazamana na mwenzake.

"Haidhuru," Jenő akasema. "Mpe mgeni tango, mama."

Gizella akaenda dirishani, kwenye chupa kubwa ya matango yanayochachuka juani. Juu yake kisahani, na juu ya kisahani kile kizito cha kukandamiza, anachokitumia kila kiangazi. Akakinyanyua. Mkono ukabaki hewani.

Alirudi mlangoni amekishika kwa mikono miwili. Jenő akaitazama puli, akamtazama mkewe.

"Ndiyo maana yalikuwa matamu," akasema.

Juu ya kisahani Gizella akaweka kamusi.

Puli ilipofungwa, gari lilikohoa, likakataa. Likakohoa tena. Mara ya tatu likashika, moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika, na Dezső akaenda kuligeuza trela lake taratibu. Jenő akasimama, akaweka kiganja juu ya boneti. Boneti linatetemeka, mkono unatetemeka, na Gizella, aliyekuwa karibu kabisa, hakuweza kujua kipi kinatikisa kipi.

"Haya mama," Jenő akasema, "lishike."

Akaweka mkono wake juu ya wa mumewe.