Kipindupindu Wiki ya Harusi

Harufu ya ubani ikinipita puani, mimi huuona mtungi wetu. Ulikaa kwenye kona ya ukumbi, nyumbani kwetu Mji wa Kale, na kila asubuhi mama aliufukiza kabla ya kutia maji ya kisima, maji yakawa na ladha ambayo sijaionja tena popote. Kata ya kuchotea ilikuwa moja. Aliyeingia alichota, akanywa, akairudisha. Mama aliamini maji yaliyokutana na ubani hayana uchafu tena, na ungemwambia vingine angekucheka mpaka ukimbie.

Nilikuwa na miaka kumi, wiki ya harusi ya dada yangu Rukia. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuja kwa boti kutoka Unguja, akiwemo bibi yake, Bi Mwanaisha, mcheshi kupita kiasi, aliyeniita mke mwenzake hata kabla hajavua viatu. Nilimpenda papo hapo. Siku ya pili akaanza kuharisha na kutapika. Lo, jinsi nyumba nzima ilivyofunga mdomo! Mgeni haulizwi habari za tumbo lake, na ugonjwa wa namna hiyo ndani ya nyumba ya harusi ni aibu tupu. Tukaambiwa tuseme ni joto. Kesho yake macho yake yalikuwa yamedidimia, vidole vimekunjamana, wala hakunitania tena. Niliogopa sana.

Ndipo ikalia simu ya mezani. Alikuwa shangazi yangu Salma, muuguzi huko Unguja. Mama akapokea, nami nikajibana ubavuni mwake nisikie. Shangazi akauliza, kama ilivyo ada, "Wageni hawajambo?" Na mama, kama ilivyo ada, akajibu, "Hawajambo wote, alhamdulillahi." Bi Mwanaisha alikuwa akitapika chumba cha pili! Shangazi akaeleza kwamba kipindupindu kimeingia mtaa uleule walikotoka wageni, na hospitali yao inataka kujua kama kimevuka kuja kwetu. Mama akarudia, "Sote wazima, wifi."

Nikachemka. Sijazaliwa na mdomo wa kunyamaza. Nikapiga kelele kwenye simu, "Shangazi, Bi Mwanaisha anakufa!" Kofi nililozabwa nalikumbuka hadi leo. Lakini shangazi hakukata simu. Alisema polepole, "Wifi, hapa sikujulii hali. Nakuuliza nani mgonjwa." Mama akautazama mlango wa chumba cha pili, machozi yakamtoka, akasema, "Yupo. Bibi yake bwana harusi. Tangu jana."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Shangazi alitaja, mimi nikaandika kiganjani: maji yaliyochemshwa lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, anyweshwe kidogo kidogo njia nzima mpaka hospitali. Huko akatundikiwa dripu. Mama mwenyewe aliumwaga mtungi uani, akapita mlango kwa mlango kuwaambia majirani, na maafisa wa afya wakaja kutia dawa kisimani. Shangazi naye akafikisha habari zetu kwa wakubwa wake. Siku ya tatu hospitalini Bi Mwanaisha akaniita tena mke mwenzake, na harusi ikafanywa kwa maji ya kuchemsha.

Leo mimi ni afisa wa afya, ofisi yetu iko karibu na maghala ya Shimanzi, na kazi yangu ni kupashana habari za magonjwa na wenzetu wa nchi jirani. Ujumbe wangu hufika Unguja kabla chai haijapoa. Tunafanya vizuri kuliko zamani, hilo nalisema bila woga. Ila ugonjwa ukizuka, hakosekani mkubwa wa kuniambia tungoje kidogo, watalii watatukimbia, tuandike hali ni shwari. Humsikiliza kwa adabu zote, kisha naandika ugonjwa gani, uko wapi, wagonjwa wangapi, natuma.

Jana nilimpigia mama, ambaye sasa ni mzee, nikamuuliza kama hajambo.

"Sijambo, mwanangu," akasema, kisha akakohoa. "Ah, mwongo mimi. Nakohoa tangu juzi. Andika."