Sahani ya Pili ya Don Eleuterio

Don Eleuterio Maysonet alitaka mtu mmoja tu abishe mlangoni kwake. Alilisema hilo kwa beti, na hapo ndipo alipokosea, maana huku milimani kwetu mtu akilia kwa vina hupigiwa makofi.

Ana miaka sabini na minane. Mkewe, Doña Carmín, alifariki kabla ya mavuno ya kahawa ya mwaka juzi, na watoto wako Florida. Kila Jumapili husimama kando ya mpiga gitaa mbele ya duka la Toño. Mtu yeyote humpa mstari mmoja, naye papo hapo hutunga mistari kumi inayoishia na huo aliopewa. Jumapili ile shangazi yangu Luz alimpa "na mlango uko wazi". Mzee akafumba macho, akaanza:

*Sahani yangu ya pili*
*imekula vumbi tele,*
*saa hunipa kelele,*
*tumebaki tu wawili...*

Alipofika kwenye mstari wa mlango, watu walipiga vigelegele hadi mbwa wakaamka.

"Huzuni yako inanoga, mzee," Toño akamwambia. "Usije ukafurahi, utatuharibia Jumapili."

Akacheka nao. Kisha akabaki pale, kofia mkononi, akimtazama kila aliyeondoka.

Mimi nilikuwa naandika. Mwalimu Migdalia alitaka tamathali za semi tano, na hapo nilipata tatu. Saa inayopiga kelele kama mtu: tashihisi. Kula vumbi: tashihisi tena. Sahani ya pili: sitiari, labda ya marehemu. Hiyo sikuwa na hakika nayo, kwa hiyo Jumatatu baada ya shule nikapanda kwake kumuuliza.

Nilibisha mara moja tu. Alifungua upesi mno, shati limepigwa pasi.

"Nani kakutuma, binti?"

"Mwalimu. Anataka tamathali za semi, nami sijui sahani ya pili ni sitiari ya nini."

"Sitiari?" Akasogea nipite.

Mezani palikuwa na sahani mbili. Yake ilikuwa na maganda ya ndizi za kuchemsha. Nyingine, mbele ya kiti kitupu, ilikuwa na vumbi la kutosha kuandika jina langu.

"Hiyo ni sahani," akasema. "Nilidhani nimesema wazi. Miezi minane nasema wazi, nanyi mnanipigia makofi."

Shuleni tunafundishwa kutafuta maana iliyojificha. Sikuwahi kujiuliza kama imejificha kweli.

Akaiosha ile sahani taratibu, akanipakulia ndizi na samaki wa chumvi. Tukala. Saa ya ukutani ilikuwa na kelele kwelikweli.

Nilipoinuka, akauliza huku akitazama dirishani, "Na kwa kesho, mwalimu kawapa kazi nyingine?"

Mwalimu hakuwa ametupa kazi yoyote.

"Katupa," nikasema. "Tena ndefu."