Nilipolikataa Neno "Bukavu"

Mama yule alikuwa akiponda mawe ya dhahabu upande wa Kabambare. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa surua utotoni. La kulia, alilobaki nalo, lilipigwa na kipande cha jiwe, kisha mtoto wa jicho akalifunika. Alitoka kijijini kwake Wamaza, hukohuko Kabambare, kwa pikipiki, siku mbili, katikati ya dereva na binti yake, hadi kwetu, hospitali ya Kasongo.

Nilipomwambia atazame juu, kisha chini, niliona lensi inacheza ndani ya jicho. Lensi hushikiliwa pembeni na nyuzi nyembamba kuliko nywele, na lile jiwe lilikuwa limekata baadhi yake. Ukivuta vibaya inazama nyuma ya jicho, na sisi hatuna vyombo vya kuifuata huko.

Mkubwa wangu, daktari mkuu, alitazama pia. "Hii si kazi ya hapa. Apelekwe Bukavu, kwenye hospitali kubwa."

Mama akasikia. "Bukavu na njia gani? Miye nimeshafika. Kama mutashindwa, mushindwe mukinigusa."

Nilimweleza wazi kwamba anaweza kupoteza hata ule mwanga kidogo.

"Huo mwanga hauniambii kama hii iko mutu ama iko muti."

Nikamwambia mkubwa wangu nitampasua mimi, na likiharibika liandikwe jina langu. Akanisogezea karatasi nisaini.

Nilikuwa na pete moja ya plastiki, iliyo wazi upande mmoja, ya kutanua mfuko mwembamba unaoibeba lensi, niliyorudi nayo kutoka mafunzoni. Nilimtia ganzi, nikafungua njia pana pembeni mwa jicho, nikajaza ute mzito ili lensi isiyumbe, nikaizungusha pete polepole ndani ya mfuko wa lensi. Upande uliokatika nyuzi ukaanza kulegea. Nikasimamisha mkono.

"Mbona umenyamaza, dokta?" mama akauliza chini ya kitambaa. "Unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Ogopa, lakini endelea."

Pete ikakaa, mfuko ukanyooka. Niliisukuma lensi nje kwa ute uleule, ngumu, rangi ya kahawa, bila kuivuta hata kidogo. Lensi mpya ya kutengenezwa ilipoingia mahali pake, ilitulia.

Kesho yake nilipotoa bandeji, alimtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Umezeeka," akasema. Binti akacheka huku analia.

Kisha akaomba aonyeshwe daktari aliyetaka kumfukuza. Mkubwa wangu akasogea mwenyewe, akampa mkono.

Kabla hajaondoka nilimwomba asirudi kwenye mawe. Alikataa katakata. Aliahidi kuvaa miwani ya kukinga macho niliyompa, basi.

Nilimvalisha, nikamfunga mwenyewe kamba ya miwani kisogoni.